Miguu Kumi na Minane

Dehbia aliilegeza bolti ya chini mizunguko mitatu, akaigonga kichwani kwa nyundo ya mpira, akaigonga tena, mpaka akasikia kitu ndani ya shokapu ya mbele ya baiskeli kikiachia. Akasogeza beseni kwa ncha ya kiatu. Kisha akaishika miguu miwili ya shokapu ile, akaivuta polepole kama mtu anayemvua mgonjwa soksi, na mafuta yakaanza kushuka.

Yalishuka kwa kusitasita, mazito, ya kijani. Baiskeli, iliyorudishwa jana kwa kuwa mbele haizami, ilikuwa imelala uani usiku kucha na karakana ilikuwa ya baridi, lakini baridi haigeuzi mafuta rangi. Dehbia akainama akanusa. Akachovya kidole, akakisugua kwa dole gumba. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kushika jambo kwa dalili moja, akaonja.

"Baba," akaita.

Belaid alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga akichambua nati kwenye sinia. "Naam, mwanangu."

"Hii baiskeli ya hoteli uliitia mafuta gani?"

"Mazuri."

"Mazuri gani, Baba?"

Mzee akaiweka nati moja upande, akaichukua nyingine. "Ya kwetu," akasema. "Ulipokuwa mjini Tizi Ouzou na mama yako kwa ajili ya jicho lake, hoteli walileta baiskeli zao. Chupa yako niliikuta tupu. Theluji ilikuwa imefunga barabara ya mjini, ningekwenda wapi? Nikawaza, mlango ukilia tunaupaka hayo. Mtoto akikohoa tunampaka kifuani. Bibi yako alikufa na miaka tisini na minne, kila alfajiri kijiko kimoja. Baiskeli ni nani hata iyakatae?"

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

"Kiasi gani?"

"Kikombe cha kahawa kila mguu. Sikutaka waseme nimewapunja."

Dehbia akahesabu kichwani. Baiskeli tisa, miguu miwili kila moja, miguu kumi na minane. Mguu mmoja unataka vijiko viwili vya chai tu, vya kulowesha mpira na kulainisha mrija wa juu unapozama na kupanda. Kikombe kizima kinaujaza mpaka hewa ikose pa kujibana.

Dirisha la juu likafunguka. Mama yake, Ferudja, alichungulia kwa jicho moja, la pili likiwa bado limefungwa pamba. "Mafuta yapi hayo? Ya mtungi upi?"

"Wa mlangoni," akasema Belaid bila kuinua uso.

"Wa mlangoni! Mkamuo wa kwanza wa mwaka huu! Belaid, mimi hapa nakaangia ya mwaka juzi, yananuka kama tandiko la punda, wewe unaninyweshea baiskeli mkamuo wa kwanza?"

"Ningetia yaliyooza, ungesema nimeharibu kazi ya watu."

Dehbia alicheka, hakuweza kujizuia. Kisha kicheko kikamkauka. Jumamosi baiskeli hizi zingepanda mpaka kwenye kilele cha njia, chini ya majabali ya Djurdjura, na wageni wa hoteli juu yake. Wangeanza kuteremka saa moja asubuhi, umande ukiwa bado barafu. Shokapu isiyozama kwenye jiwe la kwanza humtupa mtu mbele ya usukani. Na mtu akianguka pale, haanguki kwenye majani.

"Baba, mtungi Januari unakuwaje?"

Belaid akaacha kuchambua nati. Kila nyumba kijijini Tala Wezru ilijua mtungi unakuwaje Januari. Mafuta hugeuka meupe kama samli, ukachota kwa kijiko.

"Unaganda," akasema mwishowe. Akaitazama mikono yake juu ya sinia. "Nimeuona ukiganda miaka sitini. Sikuoanisha."

* * *

Mezian, mwenye hoteli, alikuwa akipigilia tangazo kwenye ukuta wa mapokezi Dehbia alipoingia. Alimwonyesha kwa kidevu asubiri. Dehbia akasubiri, akasoma. Tangazo lilisema njia ni salama, chakula ni cha nyumbani, na baiskeli zote zimehudumiwa na mtaalamu kutoka mji mkuu.

"Bwana Mezian, nimekuja kuziomba baiskeli zako nane zilizobaki. Tulizitia mafuta yasiyofaa."

"Yapi?"

"Ya zeituni."

Mezian akashusha nyundo. Akamtazama kuona kama anatania, akaona hatanii, akageukia jikoni. "Kamal! Kamal, njoo usikie!" Mpishi akaja akijifuta mikono. "Mzee Belaid ametia baiskeli zangu mafuta ya zeituni! Eti, binti Belaid, na siki mlisahau? Kitunguu je?"

"Siki ingeleta kutu," akasema Dehbia.

Wakacheka mpaka mpishi akashika meza. Dehbia alisimama, mikono mifukoni. Aliwaacha wamalize, kama anavyoacha mafuta yamalize kuchuruzika.

"Sikiliza, dada," akasema Mezian, akipangusa macho. "Mimi si mtu mbaya. Mwingine angekupeleka kwa askari wa jandarma. Mimi nataka mambo matatu tu. La kwanza, mzee wako asiguse tena kitu changu. Amechoka, apumzike, acheze domino na wenzake. La pili, usiniletee bei za vile vichupa vyako, dinari elfu tano kama manukato ya bibi harusi. Nina pipa la mafuta ya katapila, limejaa, zito, imara. Tia hayo. La tatu, neno hili lisitoke. Wageni wameambiwa fundi ni wa mji mkuu."

"Fundi gani huyo?"

"Wewe. Kwani hujawahi kufika mji mkuu?"

"Nilikwenda kumzika shangazi."

"Basi, umefika."

Kamal akacheka tena, peke yake safari hii.

Dehbia akaomba chupa ya mafuta ya lile pipa. Mezian alidhani amekubali, akamjazia mwenyewe, hata akamfungia kwa kitambaa. "Na kama hutaki," akasema akimsindikiza, "yupo kijana fundi mjini Bejaia, atapanda kesho kutwa kwa simu moja tu. Na mwakani pia. Utanijibu?"

"Nitakujibu kesho."

Karakana ile ilikula kwa baiskeli za hoteli. Pikipiki za kijiji zilileta maneno matamu na ahadi. Dehbia alilijua hilo, na Mezian alilijua vizuri zaidi.

* * *

Kabla jua halijazama, Dehbia alikuwa amepanga vikombe vinne juu ya meza ya jikoni, penye joto. Cha kwanza, zeituni. Cha pili, mafuta ya pipa la Mezian. Cha tatu, mafuta mekundu ya gia ya gari. Cha nne, mafuta ya injini, yale mepesi yenye sifuri mwanzo wa nambari, ambayo wenye magari ya juu mlimani hununua ili yawake asubuhi. Kando aliweka mabomba manne ya sindano ya duka la dawa, bila sindano, na ndoo ya theluji aliyoikwangua nyuma ya nyumba, mahali jua halifiki.

Hakuna aliyemfundisha hayo. Alijisomea maelezo ya viwanda katika lugha alizozijua nusu nusu, akaharibu shokapu mbili zake mwenyewe, akagundua kwamba mafuta namba tano ya kiwanda hiki si namba tano ya kiwanda kile, na kwamba kibandiko hakimwambii mtu kitu mpaka ayaone mafuta yenyewe yakitembea. Tangu hapo hununua kwa kuhesabu mwendo wake.

"Hesabu wewe, Baba. Mimi nitashika."

Belaid alisita, akavuta kiti. Alihesabu kwa sauti, taratibu, mkono ukipiga goti. Mekundu yalitoka bombani kwa hesabu ya kumi na moja. Zeituni kumi na tatu. Ya injini ishirini na mbili. Ya pipa hamsini.

"Unaona!" Macho ya mzee yakawaka. "Kumi na tatu! Yameyashinda ya injini!"

"Nimeona," akasema Dehbia, akaandika. "Hapa jikoni ni kumi na tatu."

Wakayajaza tena mabomba, wakayazika kwenye theluji, wakanywa chai mpaka usiku ukaingia, wakayatoa. Mekundu yalishuka kwa thelathini. Ya injini sitini na sita. Ya pipa yalining'inia kama kamasi ya mtoto, na Belaid akaacha kuhesabu alipofika mia tatu. Ya zeituni hayakutoka hata tone. Dehbia alisukuma bomba kwa dole gumba, kikatoka kipande cheupe kikalala kiganjani.

Mzee akakichukua kile kipande, akakiminya kwa vidole.

"Na mekundu?" akauliza, sauti imeshuka. "Ndiyo mepesi kuliko yote."

"Mepesi mno kwa kazi hii. Hayakai juu ya mpira, yanakimbilia chini, mrija unabaki mkavu. Yangefaa kule ndani zaidi, kwenye silinda inayozuia shokapu isirudi kwa kishindo, lakini huko wewe hukufungua, na mimi sifungui. Tunatia ya injini. Yanashika, na baridini bado yanatembea. Nililoweka kipande cha sili, ule mpira wa kuzibia, humo mwezi mzima, hakikuvimba."

"Kiasi gani yote?"

"Miguu kumi na minane? Chini ya robo lita."

Belaid akaguna. "Robo lita. Aibu yote hii."

Ndipo Dehbia alipowaambia masharti ya Mezian. Aliyasema yote matatu, kwa maneno yake Mezian, hakupunguza. Ferudja alikuwa ameshuka na kukaa kwenye ngazi. Belaid alisikiliza, kisha akaenda kwenye ndoo ya maji akanawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Basi nenda peke yako," akasema. "Pipa mkatalie, hilo ni la hatari. Lakini mimi niache. Riziki ndiyo kubwa."

"Utafungua wewe."

"Watanicheka, Dehbia."

"Ukikaa hapa pia watakucheka. Afadhali wakucheke una spana mkononi."

"Mwanao amesema," akadakia Ferudja. "Wewe ulinioa ukinifokea kwamba hutaomba radhi kwa mtu, leo unamwogopa Mezian ambaye mama yake alikuwa akikopa unga kwangu?"

"Mimi nimekosea kweli, Ferudja."

"Nani amesema hukukosea? Umekosea, tena kwa mafuta yangu. Nenda ukarekebishe mchana, watu wakikuona." Akainuka akishika ukuta, akarudi na kifungu cha vibati vidogo vyenye waya, vile wanavyofunga kwenye magunia ya zeituni yanapokwenda kinuni, ili zeituni za nyumba hii zisije zikawa za nyumba ile. Kila kimoja kilikuwa kimegongwa jina kwa msumari: BELAID. "Gunia haliendi bila jina. Baiskeli ziende kwa nini?"

* * *

Alhamisi asubuhi, pikapu yao ilipopita mbele ya tanuri la mikate, mwokaji alitoa kichwa nje. Habari ilikwisha shuka mlima, pengine pamoja na Kamal.

"Mzee Belaid! Mkate ninao, mafuta lete wewe!"

Wanaume kwenye foleni wakaangua kicheko. Dehbia alitaka kuongeza mwendo, lakini baba yake akamwekea mkono begani. "Simama." Akateremsha kioo. "Nipe miwili," akamwambia mwokaji, "ya moto. Mafuta yapo kwenye baiskeli za Mezian, nifuate ukachovye."

Foleni ikacheka tena, na safari hii mwokaji ndiye aliyetafuta pa kutazama. Aliitoa mikate. Belaid akalipa, akapandisha kioo, akamwambia Dehbia aende.

Walifika hotelini Mezian akiwa bado hajatoka chumbani. Mlinzi aliwafungulia banda kwa kuwa aliwajua. Dehbia alikuwa na mpango, akaufuata hatua kwa hatua. Hawakumaliza baiskeli moja ndipo waanze nyingine. Walitoa magurudumu yote kwanza, kisha Belaid akalegeza bolti zote, akagonga, akavuta, na miguu yote kumi na minane ikasimamishwa kichwa chini kwenye kreti za soda, ikichuruzika. Ile miguu miwili waliyoivua jana waliileta nayo, pamoja na baiskeli yake. Kila baiskeli ilikuwa na kitambaa chake, na juu ya kitambaa bolti zake, pete zake, na kibati chake.

Mezian alitoka na kikombe cha kahawa akakuta uwanja wake umejaa miguu.

"Nini hiki?" Akamwona Belaid. "Nilisema nini mimi? Nilisema nini juu ya huyu mzee?"

"Ulisema," akajibu Dehbia. "Jibu ni hapana."

"Hapana ipi?"

"Zote tatu."

Mezian akafungua mdomo, lakini nyuma yake wageni wawili waliofika mapema walikuwa wameshatoka kuota jua. Mmoja, mwanamke mrefu mwenye kofia ngumu mkononi, alikuja moja kwa moja akachuchumaa penye vitambaa.

"Nadhifu," akasema. "Wewe ndiye fundi wa mji mkuu?"

Mezian alimkazia Dehbia macho. Aliyakaza mpaka kope zikatetemeka.

"Mimi ni wa hapa chini, Tala Wezru," akasema Dehbia. "Na huyu ni baba yangu. Ndiye aliyenifundisha kushika spana."

Mwanamke akamgeukia mzee. Belaid alikuwa amepiga goti, bolti mdomoni. Aliitoa, akaifuta.

"Baiskeli hizi nilizitia mafuta ya zeituni," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. "Mimi mwenyewe. Yanaganda kwenye baridi, na mngeanguka. Nilikosea. Leo tunayatoa."

Mtu mmoja alicheka, Kamal, akaacha katikati. Mwanamke hakucheka. Aliuliza yatawekwa yapi badala yake, na Dehbia akamwonyesha. Alimwonyesha daftari, kisha mabomba kwenye ndoo ya theluji waliyokuja nayo, na mwanamke akataka ayasukume mwenyewe. Alisukuma la zeituni. Akasukuma la pipa.

"Haya ya nani?"

"Ya katapila la hoteli," akasema Dehbia. "Tulishauriwa."

Mezian alikunywa kahawa iliyokwisha kikombeni.

Walifanya kazi mchana kutwa. Belaid alisafisha ndani ya kila mguu kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye fimbo, mara tatu, mpaka kitambaa kitoke bila harufu. Dehbia alitia sili, akapima mafuta kwa bomba, vijiko viwili visivyozidi, akaunganisha, akamwachia baba yake akaze. Baiskeli ya kwanza iliposimama kwa magurudumu yake, mwanamke yule aliegemea usukani kwa kifua. Mbele ikazama kimyakimya, ikarudi kimyakimya. Akaegemea tena, akatabasamu kama mtoto kwenye bembea, na Belaid akageuza uso akajifanya anatafuta spana aliyokuwa ameishika.

Alasiri Mezian alirudi. Alisimama mbele ya kibati kilichofungwa kwenye usukani, akakisoma.

"Baiskeli ni zangu," akasema kwa sauti ya chini. "Jina hili litoke."

"Kimefungwa kwa waya," akasema Belaid. Akachukua koleo kwenye kitambaa, akamnyooshea, mpini mbele. "Kata."

Wageni walikuwa mezani hatua sita kutoka pale, wakitazama. Mezian aliitazama koleo. Aliitazama kwa muda uliomtosha mtu kukata vibati vyote tisa. Kisha akasema supu inapoa, akaenda.

Jua lilipita nyuma ya jabali mapema, kama kawaida ya Machi, na baridi ikaingia uwanjani mara moja. Baiskeli tano zilikuwa zimesimama. Nne zilikuwa bado hazina miguu. Dehbia alijaribu kukalisha sili ya baiskeli ya sita, ikapinda, akaitoa, akajaribu tena. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Akaiweka chini.

Mezian alitokea mlangoni, koti mabegani. "Mbona mnaacha? Taa zipo. Kijana wa Bejaia angemaliza."

"Mpigie," akasema Dehbia. "Mwambie aje na vidole vya moto. Sili ikikaa vibaya leo, Jumamosi inavuja. Nne zilizobaki ni za kesho."

"Kesho saa ngapi?"

Dehbia alikuwa anafungua kinywa, baba yake akamtangulia.

"Alfajiri," akasema Belaid. "Kabla jua halijazigusa hizi tano. Na wewe uwepo, Mezian. Uzikandamize mwenyewe, moja moja, tukikutazama."

Mezian alivuta koti mabegani. Kisha akasema banda watalikuta wazi.

Belaid alikunja vitambaa vinne juu ya bolti zake, akakagua mara mbili kwamba hakuna kilichochanganyika. Zana zote alizirudisha kwenye sanduku la binti yake, kila moja mahali pake. Spana aliyokazia bolti siku nzima hakuirudisha. Aliifuta, akaitia mfukoni mwa koti lake, akapanda garini.